Mdogo wangu ametupiga picha sisi sote, sasa anasubiri saini yangu

Mshauri mpendwa,

Assalamu alaykum. Ninakuandikia kutoka Mikindani, mkoani Mtwara, juu ya jambo ambalo siwezi kulizungumza na mtu wa mtaani kwetu, kwa sababu karibu kila mtu amekwisha kuchagua upande. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, na mtoto wa kwanza kwa baba yetu. Mama alifariki mapema, na mdogo wangu wa kike nilimlea mimi pamoja na bibi. Habari ninayokuletea ni ya mdogo wangu huyo.

Yeye ni mpiga picha, ila si wa harusi wala wa pasipoti. Alisoma Dar es Salaam, kisha akapata nafasi ya kusoma nje, na alirudi nyumbani baada ya baba kupatwa na kiharusi kilichomwondolea usemi na nguvu za upande wa kulia. Alikuja na binti zake wawili na kamera kubwa ya filamu inayosimamishwa juu ya miguu mitatu, ambayo mbele yake lazima mtu atulie kwa muda ndipo picha itoke. Tangu hapo ametupiga sisi wa nyumbani: baba, watoto wake, watoto wangu, na mimi mwenyewe nikifua au nikisahihisha madaftari. Tuliizoea kamera ile hata tukaacha kuiona.

Mwaka jana alizitundika picha hizo kwa mara ya kwanza, katika nyumba moja ya zamani ya mawe hapa Mikindani, akaalika majirani. Nilisimama mbele ya picha ya baba nikimnyoa ndevu, mdomo wake umepinda upande mmoja, povu limemjaa shavuni, macho yake yametulia, nikalia machozi. Sikuwahi kujua kwamba ninamtazama baba namna ile. Kulikuwa na nyingine ya watoto wetu wakioga pwani, wale wadogo wakiwa kama wanavyooga watoto wote wadogo wa pwani hii. Na kulikuwa na moja ya mwanangu wa kiume alipokuwa na miaka 10, siku chache baada ya kutoka jandoni, amekaa kizingitini kajifunga kanga yangu, analia.

Mtu mmoja alizipiga picha hizo kwa simu, zikaingia katika makundi ya WhatsApp. Haikuchukua muda watoto wa shule wakampachika mwanangu jina la kumcheka kwa ajili ya machozi yale. Mjomba wetu, ndugu wa marehemu mama, ambaye ndiye aliyempeleka mtoto jandoni, na ambaye kwa sisi Wamakonde neno lake ni zito juu ya watoto wa dada zake, aliitisha kikao. Alisema picha zichomwe pamoja na filamu zake, na mdogo wangu aombe radhi. Mdogo wangu alijibu kwamba mjomba hajui sanaa, na kwamba watoto wangu ni wanawe pia kama wanawe walivyo wangu. Hawajasemeshana tena.

Sasa picha zimealikwa kwenye maonyesho Dar es Salaam, kisha Ulaya, na kuna wachapishaji wanaotaka kuzitia katika kitabu. Mdogo wangu ameniletea fomu za ridhaa: za watoto wangu, yangu mwenyewe, na ya baba, ambayo anataka niitie saini kwa niaba yake kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Mazoezi ya viungo ya baba analipia yeye, na malipo ya kitabu yangeingia huko. Alipoona ninasita alinipa kitabu cha Mmarekani Sally Mann, aliyewapiga picha watoto wake mwenyewe, akaniambia: “Dada, huyu mama naye walimtukana, leo anaheshimiwa duniani. Usisimame na waliomtukana.” Nilikipitia kitabu chote. Picha zake ni nzuri na zimenisumbua, na sijui kipi kati ya hayo mawili nikiamini.

Mume wangu anasema hayo ni mambo ya kwetu na atakubali nitakaloamua. Mwanangu, ambaye sasa ana miaka 14, nilimuuliza mezani wakati wa chakula, akasema “sawa tu, mama,” akaondoka. Je, nikitia saini nitakuwa nimemtoa mwanangu hadharani asikotaka? Na nikikataa, si nitakuwa nimeivunja kazi ya miaka ya mtu niliyemlea kwa mikono yangu? Nimjibu nini?

Dada Mkubwa, Mikindani

*

Wa alaykumu salaam, dada yangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nikiisoma ninamwona mtu anayempenda mdogo wake na anayempenda mwanawe, ambaye ameambiwa kwamba mapenzi hayo mawili hayawezi kukaa katika saini moja. Unaniuliza umjibu nini, lakini nyuma ya swali hilo ninasikia jingine: ni nani mwenye haki ya kuamua jinsi watu wa nyumba moja watakavyoonekana na watu wasiowajua. Kwa sababu hiyo sitakuambia utie saini wala usitie. Nitakaa nawe kidogo juu ya yale yaliyomo katika barua, na mengine ambayo nadhani yamejificha ndani yake.

Nianze na Sally Mann, kwa kuwa ameletwa nyumbani kwenu kama shahidi, na shahidi ni vyema asikilizwe mpaka mwisho. Alizaliwa mwaka 1951 katika mji mdogo wa Lexington, jimbo la Virginia, na kuanzia katikati ya miaka ya 1980 aliwapiga picha watoto wake watatu katika shamba la familia lililo kando ya mto, ambako wakati wa joto watoto walicheza na kuoga bila nguo. Alitumia kamera kubwa ya aina hiyo hiyo aliyo nayo mdogo wako, kwa hiyo nyingi ya picha zake hazikuibwa; watoto walitulia, wakarudia, wakashiriki kuzitengeneza. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1992 kilisifiwa sana na kulaumiwa sana kwa wakati mmoja. Wako waliosema hakuna aliyewahi kuuonyesha utoto kwa ukweli kama ule, pamoja na hasira zake, vidonda vyake na upweke wake, na wako waliosema kwamba mama hana haki ya kuwapeleka watoto wake mahali ambako macho mabaya yanaweza kuwafikia.

Mdogo wako amekuambia kwamba walimtukana na leo anaheshimiwa. Yote mawili ni kweli, ila yapo mengine. Kabla ya kitabu kutoka, mama huyo alifikiria kukiahirisha kwa miaka 10 ili watoto wakue kwanza. Watoto wenyewe ndio waliopinga kungoja, na hata hivyo aliwapeleka wale wakubwa kwa mtaalamu wa saikolojia ahakikishe kwamba wanalielewa jambo, akawapa ruhusa ya kuondoa picha wasizozitaka. Mvulana aliikataa picha moja si kwa ajili ya uchi, bali kwa ajili ya soksi alizokuwa amezivaa mikononi akicheza, kwa kuwa aliona zinamfanya aonekane mjinga. Tafadhali litazame jambo hilo kwa makini, dada yangu. Watu wazima wa Marekani walibishana miaka mingi juu ya ngozi, na mtoto aliyehusika alijali soksi. Kilichomuumiza mwanao nacho huenda si kile ambacho mimi, wewe au mjomba tunakidhania.

Lipo na tukio la mwaka 1991, ambapo gazeti kubwa la huko lilichapisha picha ya binti mdogo wa Sally Mann likiwa limemfunika macho na mwili kwa mistari myeusi. Mtoto yule aliandika barua kwa gazeti akilalamika kwamba hakupenda jinsi walivyomfuta. Kwake yeye aliyemkosea ni gazeti, si mama. Lakini miaka mingi baadaye, mwaka 2015, mama yule aliandika kumbukumbu za maisha yake akaeleza habari za mtu asiyemjua aliyeifuatilia familia kwa miaka, akiwaandikia watu na kuulizia habari za watoto, na hofu aliyoishi nayo kwa ajili hiyo. Na mapema mwaka 2025, zaidi ya miaka 30 baada ya kitabu, polisi wa Fort Worth katika jimbo la Texas walichukua baadhi ya picha hizo kutoka jumba la makumbusho; baadaye jopo la raia linaloamua kama kuna kesi halikumfungulia mtu mashtaka. Kwa hiyo heshima haikuuzima ule mjadala. Mtoto aliyepigwa picha akiwa na miaka minne anaweza kuusikia tena akiwa na watoto wake mwenyewe, na wala hakuna aliyefanya uovu.

Unaona kwamba shahidi huyu hasemi upande mmoja. Ukimleta kumtetea mdogo wako, analeta pia lile wazo la kungoja na ile ruhusa ya kukataa. Ukimleta kumshtaki, analeta watoto waliokuwa na sauti na waliotaka kuonekana. Mimi ningependa umuulize mdogo wako, kwa upole kabisa, kama katika kumpenda mwanamke huyo amechukua kamera yake tu au amechukua pia na yale masharti.

Sasa mjomba. Katika barua yako maneno yake yamepita upesi, kama vile ukali wake unajieleza wenyewe. Naomba nitilie shaka kidogo dhana kwamba amekasirika kwa kuwa hajui sanaa. Yeye ndiye aliyempeleka mtoto jandoni. Alimkabidhi mahali ambapo yanayotendeka hayasimuliwi nje, akampokea anapotoka, na mbele ya wazee alikuwa kama mdhamini wa siri ile. Kisha machozi ya siku zile yakatundikwa ukutani na kuingia katika simu za watu. Inawezekana kabisa kwamba anaielewa nguvu ya picha ile kuliko wengi walioisifu. Hayo hayamfanyi awe na haki ya kuzichoma filamu, maana kilichochomwa hakirudi, na hata mwanao anaweza siku moja kuidai picha ile iwe yake. Lakini ukienda kumwona, usiende kumweleza sanaa. Muulize ni picha ipi hasa iliyomuuma. Ninahisi atataja moja, si zote, na hapo mazungumzo yatakuwa yamepata pa kuanzia.

Hilo linanileta kwenye fomu zenyewe. Umeletewa kama furushi moja, na umekuwa ukizitazama hivyo, ukijiuliza kama utakubali au utakataa. Mimi ninaona mambo matatu yasiyofanana. Picha ya watoto wakioga ni jambo la usalama na la sheria. Picha ya mwanao ni jambo la heshima yake na ya jando. Picha ya baba ni jambo la mtu mzima aliyekuwa na sauti yake na sasa hawezi kuitoa.

Juu ya watoto wakioga sitakaa sana. Pwani yetu haioni ubaya wowote katika watoto wadogo kuoga walivyo, na wala mdogo wako hakuona ubaya, ila picha haibaki pwani. Nakala za simu zimekwisha kuwaonyesha jinsi zinavyosafiri bila ruhusa ya mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ni kali juu ya picha za ngono za watoto, na anayeamua kama picha ni ya namna hiyo anaweza kuwa askari au hakimu ambaye hajawahi kufika Mikindani. Kabla ya picha ya namna hiyo kwenda popote, mdogo wako anahitaji mwanasheria, kwa ajili ya watoto na kwa ajili yake mwenyewe. Kumwambia hivyo si kumtukana.

Kwa mwanao ningekaa muda mrefu zaidi. Unasema alijibu “sawa tu, mama,” akaondoka, na nadhani wewe uliyemlea unajua kwamba jibu lile halikuwa ndiyo. Mtoto wa miaka 14, akiulizwa mezani mbele ya watu, na anayejua kwamba mama mdogo anampenda, kwamba babu anatibiwa kwa fedha zake, na kwamba babu yake mwingine, yaani mjomba wenu, amekasirika, anaweza kusema neno lolote litakalomwezesha kutoka chumbani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu wa chini ya miaka 18, na inampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni haki ya kuyatoa na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Saini ni yako kwa kuwa wewe ni mzazi. Maoni ni yake. Jaribu kumuuliza mkiwa wawili, mkitembea au mkifanya kazi, na umpe majibu zaidi ya mawili. Anaweza kutaka picha ibaki nyumbani. Anaweza kutaka ionyeshwe mbali lakini si Mtwara, au isubiri mpaka amalize shule. Anaweza pia, na hili ujiandae nalo, kukuambia kwamba anaipenda picha ile na kwamba waliomcheka ndio wenye makosa. Na vyovyote atakavyosema leo, akisema tofauti akiwa na miaka 20 atakuwa na haki ile ile.

Mdogo wako anasema watoto wako ni wanawe pia. Kwa desturi yetu hakukosea. Yeye ni mama mdogo wao, na wewe ni mama mkubwa wa binti zake. Ila umama huo una pande mbili. Kama unampa ukaribu wa kumwona mtoto akilia kizingitini, unamdai pia ulinzi ambao mama anaudaiwa. Nawe vilevile, kama mama mkubwa, unaweza kuuliza juu ya binti zake bila kuonekana unaingilia. Katika barua yako hakuna aliyewauliza.

Juu ya baba nina wasiwasi kuliko yote, kwa sababu ile ndiyo picha iliyokuliza. Machozi yako yalikuwa ya kweli, lakini yalikuambia kwamba picha ni njema, hayakukuambia kwamba baba anakubali. Mpiga picha mwingine wa Marekani, Larry Sultan, aliwapiga wazazi wake kwa miaka mingi, na baba yake aliiona picha yake akiwa ameketi kitandani amevaa suti, akalalamika kwamba huzuni ile haikuwa yake bali ya mwanawe aliyeshika kamera. Mzee yule aliweza kusema, na maneno yake yakawa sehemu ya kazi ile. Vilevile LaToya Ruby Frazier, aliyekulia Braddock, Pennsylvania, alimpiga mama yake huku mama naye akishika kamera na kuchagua la kuonyesha. Baba yenu hana nafasi hizo mbili. Lakini kupoteza usemi si lazima kuwe kupoteza ufahamu. Je, anatambua maswali, anaitikia kwa kichwa au kwa kubana mkono? Mkisaidiwa na anayemfanyisha mazoezi, mnaweza kumwekea picha mbele yake, moja moja, kwa siku tofauti, na kutazama kama anajibu jambo lile lile. Akijibu, hilo lina uzito kuliko saini ya binti yeyote. Asipoweza, basi mnabaki na kumbukumbu ya mtu aliyekuwa kabla ya kiharusi: alipenda kupigwa picha? Alikuwa mtu wa kuficha maradhi yake? Wanaomjua hivyo ni wewe, mdogo wako na mjomba, na kwa swali hilo mnahitajiana nyote watatu.

Fedha za matibabu zinalitia jambo hili uzito ambao si wa haki kwako. Ningeshauri mlizungumze waziwazi na kando, kwa kumuuliza mdogo wako kama mazoezi ya baba yataendelea hata picha fulani zisipoingia kitabuni. Ninadhani atasema ndiyo, na kwamba nyote mtapumua. Akisema hawezi, utajua mnatafuta nini kwa ndugu wengine.

Kila njia ina hasara yake, na sitaki kukuficha. Ukitia saini zote, utakuwa umeilinda kazi ya mdogo wako, na huenda mwanao akakudai maelezo utu uzima wake. Ukikataa zote, utatulia kwa muda, lakini mtu uliyemlea anaweza kuamini kwamba ulimwona kama mhalifu, na kazi ambayo wewe mwenyewe ulisimama mbele yake ukalia itabaki kabatini. Ukiomba muda, wachapishaji wanaweza kuondoka. Ukikubali baadhi na kukataa nyingine, hakuna atakayeridhika kabisa, mjomba wala mdogo wako, ingawa hiyo ndiyo njia inayoacha milango mingi wazi. Chochote utakachokubali, kiandikwe: picha ipi, itaonyeshwa wapi, kama itawekwa mtandaoni, kama jina la mtoto na la mtaa yataandikwa, na jinsi ridhaa inavyoweza kuondolewa kwa maonyesho yajayo. Muulize mdogo wako mapema ni nini kisichorudi nyuma, maana kitabu kilichokwisha chapishwa hakirudi.

Ukiwa tayari kuzungumza naye, mwache kwanza asikie kwamba ulilia mbele ya picha ya baba. Sidhani kama amewahi kuambiwa. Tangu siku ile amesikia mjomba, amesikia majirani, na amekusikia ukisita. Hajasikia kwamba dada yake aliiona kazi yake. Baada ya hapo maswali yako yatamfikia kama maswali ya mtu aliye pamoja naye.

Na lipo moja la mwisho, ambalo nimelitafuta katika barua yako yote nisilione. Umeandika juu ya fomu za watoto na ya baba, lakini nawe una fomu yako, nawe umo katika picha ile, umeshika wembe. Hukusema kama wewe unataka kuonekana. Ningefurahi uniandikie tena uniambie hilo, hata kabla hujaamua mengine.